Shilingi yenye nguvu: nani amekula nyama, nani amekula mawe?

Ukitoka mji wa Isiolo ukashika njia ya mashariki, ile iendayo Garba Tulla na Modogashe hadi Wajir, baada ya kiasi cha kilomita 75 utafika Kulamawe. Jina ni la lugha yetu, halihitaji mkalimani, ingawa wenyeji wengi ni Waborana na baina yao huzungumza Kiborana. Ni kituo kidogo cha njiani, na nyuma yake ni nchi kavu ya mbuzi, kondoo na ngamia. Sidhani kuna mtu huko anayeamka asubuhi akauliza dola imelala bei gani.

Nimeanza na Kulamawe makusudi. Tangu mwaka 2024 tumesikia mengi kuhusu shilingi yetu kupata nguvu, na mara zote wanaozungumza ni wakuu wa benki, waziri wa fedha, au wenye hoteli zetu za Diani na Watamu. Mfugaji hatajwi. Lakini ukimfuata mbuzi mmoja tu kutoka malishoni Kulamawe hadi anapoliwa Dubai au Jeddah, utaielewa kadhia hii kuliko ukisoma taarifa kumi za Benki Kuu. Tena utagundua kwamba sisi wa pwani na yule wa Kulamawe tumefungwa kwa kamba moja, na kamba yenyewe ni ya dola.

Kwanza tukumbushane ilikuwaje. Mwaka 2023 ulipoanza dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Ilipofika Januari 2024 ilikuwa imegusa 160 na kupita kidogo. Sababu zilikuwa nyingi: riba za Marekani zilikuwa zimepanda na wenye mitaji wakakimbilia huko, ukame ulikuwa umetupiga, na juu ya yote kulikuwa na hofu ya deni. Kenya ilikuwa na mkopo wa Eurobond wa dola bilioni 2, uliochukuliwa mwaka 2014, na siku ya kuulipa ilikuwa Juni 2024. Kila mwenye dola akawa anajiuliza: hawa watalipa au hawatalipa? Aliyekuwa nazo akazikalia. Rais William Ruto aliwaonya waliokuwa wakihodhi dola, akasema watakuja kujuta. Hiyo ilikuwa Machi 2023, na shilingi ikaendelea kuteremka kwa karibu mwaka mzima baada ya onyo hilo. Soko halitishiki kwa hotuba.

Kilicholigeuza soko ni mkopo mwingine. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni la zamani ambalo riba yake ilikuwa asilimia 6.875. Mwezi huohuo ikauza hapa nchini hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 240, na wageni wenye dola wakaja mbio kuila riba hiyo. Benki Kuu nayo ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu ikaondoka, waliokuwa wamekalia dola wakaanza kuzimwaga, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Tangu katikati ya 2024 imeganda hapo kwenye 129, mwezi baada ya mwezi, kama jahazi lililotia nanga.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba shilingi ilipata nguvu kwa sababu tulianza ghafla kuuza sana nje. Nguvu hiyo ilinunuliwa, na bei yake ilikuwa riba. Mfanyabiashara mdogo wa Mombasa au Malindi aliyekwenda kukopa benki mwaka huo wa 2024 alikutana na riba ya karibu asilimia 17. Huyo ameichangia shilingi imara kutoka mfukoni mwake bila mtu kumshukuru.

Sasa turudi kwa mbuzi wetu.

Nyama ya mbuzi na kondoo ya Kenya huuzwa nchi za Ghuba, hasa Imarati na Saudia, nayo huuzwa kwa dola. Nitapiga hesabu ya mfano tu, msomaji asiichukue kama bei ya soko. Tuseme mbuzi akichinjwa anatoa kilo 10, na mnunuzi wa Dubai analipa dola 6 kwa kilo. Hizo ni dola 60. Ndege hulipwa kwa dola, tuseme dola 20, zinabaki 40. Januari 2024 dola 40 zilikuwa shilingi 6,400. Leo ni shilingi 5,160. Katika hizo ulipe machinjio, lori, ushuru wa soko na mishahara ya wachinjaji, yote kwa shilingi, na hakuna hata kimoja kilichoshuka kwa kuwa dola imeshuka. Tuseme vinakula shilingi 1,500. Zamani zilibaki 4,900 za kugawana mfanyabiashara, dalali na mfugaji. Sasa zinabaki 3,660.

Angalia kilichotokea hapo. Dola imepungua kwa asilimia 19 hivi. Lakini kilichobaki kwa watu wa mwisho kimepungua kwa robo nzima. Gharama za katikati hazitikisiki, basi mshindo wote unamwangukia aliye mwisho wa mstari. Na aliye mwisho wa mstari si mwenye machinjio, wala si dalali, maana dalali hula palepale sokoni kabla jua halijapanda. Ni yule aliyetembeza mbuzi wake hadi soko la Isiolo na hawezi kuwarudisha jioni, kwa sababu wiki inayofuata watakuwa wamekonda na yeye alikuja kutafuta karo ya shule.

Kuna atakayesema, na atakuwa na haki, kwamba mbuzi wengi wa Isiolo hawaendi Ghuba hata kidogo. Wanaliwa Nairobi na mijini humuhumu nchini. Ni kweli. Ila mnunuzi wa Ghuba ndiye anayeshikilia bei isianguke. Akiwa sokoni na pesa nzuri, hata mwenye bucha wa Nairobi hulazimika kuongeza. Akijikunja, mwenye bucha anapata kununua kwa raha zake.

Na wakati shilingi yetu inapanda, jirani amefanya kinyume. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliiachia birr yake ijitafutie bei sokoni. Siku hiyo dola ilikuwa birr 57 hivi. Katika wiki chache ikavuka 100, na mwaka uliofuata ikapita 130. Msomaji atauliza Ethiopia imeingiaje hapa. Imeingia kwa sababu Ethiopia inauza mbuzi na kondoo wake kwa wanunuzi walewale wa Imarati na Saudia. Muuzaji wa kule akipata dola yake moja anapata birr maradufu, kwa hivyo anaweza kumpunguzia mnunuzi na bado akacheka. Muuzaji wetu akipata dola ileile anapata shilingi chache. Wapo sokoni pamoja, mmoja anasukumwa na upepo wa nyuma, mwingine wa mbele. Na huo mpaka wa Moyale si ukuta. Mifugo ya ng'ambo ile ikiwa rahisi, hushuka kwa barabara hadi Isiolo.

Kinachoniuma zaidi ni wakati wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023 nchi ile ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa kwa mamilioni kaskazini yote. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ndizo zilizorudisha majani. Aliyebakiwa na mbuzi wachache akaanza kuwazalisha upya, na alipofikia kuwa na wa kuuza, yaani 2024 na kuendelea, ndipo shilingi ikawa imeshapanda. Wakati dola ilipokuwa 160 hakuwa na mbuzi wa kuuza. Alipopata mbuzi, dola ikawa 129.

Haya ya Kulamawe yana ndugu zake hapa pwani. Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa, iwe ya Kericho, ya Uganda au ya Rwanda, hunadiwa kwa dola. Bonasi ya wakulima wa chai ya mwaka 2025 iliposhuka, KTDA ilitaja shilingi kuwa moja ya sababu: mwaka wa fedha uliotangulia dola ilibadilishwa kwa wastani wa shilingi 144, na mwaka huo kwa 129. Wakulima walikasirika, na kwa haki, maana kilo zao za majani hazikuwa zimepungua uzito. Shilingi si sababu pekee, bei ya mnada nayo ilikuwa na mambo yake, lakini hesabu ni ileile ya mbuzi: mauzo ya dola, gharama za shilingi, na mkulima mwisho wa mstari.

Utalii ni habari yenye pande mbili, na nadhani wengi huisimulia upande mmoja. Tulitishwa kwamba shilingi ikipanda watalii watakimbia. Hawakukimbia. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni milioni 2.39, zaidi ya mwaka uliotangulia, na mapato yakatajwa kuwa shilingi bilioni 452 kutoka bilioni 377. Mzungu aliyelipia safari yake Ujerumani au Uingereza amelipa kwa sarafu yake. Hajui wala hajali shilingi imefika wapi. Anayejua ni mwenye hoteli wa Diani, ambaye amefunga mkataba na kampuni ya ng'ambo kwa dola au yuro mwaka mmoja kabla, halafu analipa wapishi, umeme, samaki na mboga kwa shilingi. Mgeni ni yuleyule, chumba ni kilekile, pesa zimepungua. Mwenye hoteli akibanwa hupandisha bei ya chumba kwa dola, na hapo ndipo mgeni anaanza kupima: Watamu au Nungwi? Zanzibar mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 736,000, na ni mwendo mfupi tu kwa ndege.

Chini ya mwenye hoteli yuko kijana wa ufuoni, mchonga vinyago, mwenye mashua ya kioo. Hawa wengi hushikishwa noti ya kigeni mkononi. Noti ya dola 100 iliyokuwa shilingi 16,000 sasa ni 12,900, na hapo bado hujakatwa na yule wa dirishani.

Hata Isiolo inaguswa hapa, jambo ambalo sisi wa pwani hatulifikirii. Kaunti ile ina mbuga za Shaba na Buffalo Springs, na ada za milangoni ni chanzo kikubwa cha mapato yake yenyewe. Mgeni kutoka ng'ambo hutozwa kwa dola. Tuseme ni dola 70: zilikuwa shilingi 11,200, sasa ni 9,030. Kaunti inalipa wauguzi wake kwa shilingi. Zahanati ya kijiji haijui dola, lakini dola inaijua.

Nimefika kwenye jambo linalotugusa majumbani mwetu moja kwa moja: pesa za Ghuba. Ni nyumba ngapi za Kisauni, Likoni, Malindi au Lamu ambazo hazina binti, mama au kijana aliyeko Saudia, Qatar, Oman au Imarati? Sarafu za nchi hizo zote, isipokuwa ya Kuwait, zimefungwa kwa dola moja kwa moja. Riyali ya Saudia ni 3.75 kwa dola, imekaa hapo tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo shilingi ikiipanda dola, imeipanda riyali pia.

Chukua dada anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, tuseme anatuma riyali 1,000. Januari 2024 mamake alipokea karibu shilingi 42,660. Miezi miwili mitatu baadaye, riyali zilezile 1,000 zikawa shilingi 34,400 na kitu. Zimepotea zaidi ya shilingi 8,000, na dada hajapunguza hata riyali moja. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba katika miezi ile ya 2024 kulizuka maneno baina ya watu na ndugu zao: huku wakidhani anawaficha, kule akiapa ametuma zote. Hakuna aliyewaeleza. Benki Kuu hutoa taarifa kwa wawekezaji, kwa Kiingereza. Mama wa Kisauni haandikiwi taarifa.

Na tuseme kweli, jumla ya pesa zinazotumwa haikupungua. Mwaka 2023 Wakenya wa nje walituma dola bilioni 4.19, na 2024 wakatuma bilioni 4.9. Walioko nje walijikaza. Nadhani sehemu ya kujikaza huko ni huyu dada, aliyeona nyumbani pengo la shilingi 8,000 akaongeza riyali kuliziba.

Hapa atasimama mtu aseme: lakini vitu si vimeshuka bei? Kama mama anapokea kidogo lakini ananunua rahisi, kapoteza nini? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha haya yote.

Kweli vingine vilishuka. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Oktoba 2024 ilikuwa 180.66. Hapa Mombasa hupungua shilingi chache kwa kuwa bandari ni yetu. Mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 6.9 Januari 2024 ulishuka hadi 2.7 Oktoba. Si shilingi peke yake iliyofanya kazi hiyo, mafuta yenyewe yalishuka duniani na mahindi yalivunwa vizuri, lakini ilisaidia, na anayesema haikusaidia hakumbuki tulivyokuwa 2023.

Ila mfumuko kushuka si bei kushuka. Maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi. Muulize mama anayekaanga mahamri alfajiri. Ngano tunanunua nje, mafuta ya kupikia ni mawese ya Malaysia na Indonesia, vyote kwa dola. Dola ilipokuwa ikipanda, mwenye duka alibadilisha bei kila wiki na sababu anayo mdomoni. Dola ilipoteremka kwa wiki sita, akasema mzigo uliopo dukani ulinunuliwa kwa bei ya zamani. Mzigo ule ukaisha, ukaja mwingine, bei ikabaki. Mwisho wa 2024 mawese yakapanda kwenye soko la dunia, na ile nafuu kidogo iliyokuwa njiani ikageuzwa bandarini. Kapu la mitumba, gari la Japani lililokaa yadi, vyuma vya pikipiki, simu: kila mmoja ana hadithi kama hii.

Serikali nayo haikukaa nyuma. Julai 2024, wakati shilingi imara inaanza kuonekana kwenye bei ya petroli, ushuru wa matengenezo ya barabara ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Shilingi 7 hizo zingeonekana kwenye nauli ya matatu ya Mtwapa na kwenye lori la Kulamawe. Dola ilizileta, ushuru ukazipokea kabla hazijatufikia.

Fikiria sasa safari ya nafuu hiyo hadi kufika Kulamawe. Mchele wa Pakistan unateremshwa Mombasa. Mwagizaji anabaki na kidogo, na haki yake, alipata hasara 2023. Mwenye ghala Nairobi anabaki na kidogo. Muuza jumla wa Isiolo kidogo. Lori, kidogo. Kikifika duka la Kulamawe kilichobaki ni makombo. Lakini hasara ya mbuzi inatoka Dubai na kufika siku ya soko linalofuata, haikusimama popote. Nafuu inatembea kwa miguu na hasara inapanda ndege. Ndiyo maana mtu wa Kulamawe na mtu wa Kisauni wanaweza kusikia redioni kwamba uchumi umetengemaa na kila mmoja akadhani redio inazungumzia nchi nyingine.

Basi nani amekula nyama? Waliokuwa na madeni ya dola. Kenya Power, iliyopata hasara ya shilingi bilioni 3.19 mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2023, mwaka uliofuata ilitangaza faida ya shilingi bilioni 30, na sababu kubwa ni kwamba mikopo yake ya fedha za kigeni ilipungua kwa shilingi. Kenya Airways ikapata faida ya bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza katika miaka 11, na nayo ilisaidiwa na jambo hilohilo. Mkubwa wao ni serikali yenyewe. Kila dola bilioni moja ya deni la nje ilikuwa shilingi bilioni 160, ikawa 129. Zidisha kwa makumi ya mabilioni ya dola tunayodaiwa, uone ni pesa kiasi gani ziliondoka kwenye daftari bila mtu kulipa senti. Deni hilo limo hata kwenye lami: barabara ya Isiolo kwenda Mandera inayopita Kulamawe imepata pesa za Benki ya Dunia, na pesa hizo zitarudishwa kwa fedha za kigeni.

Sisemi kwamba shilingi irudi 160. Aliyekaa foleni ya petroli, aliyeambiwa na benki kwamba dola za kuagizia dawa hakuna, hawezi kuomba hayo. Wala si mara ya kwanza kupita njia hii. Wazee wa biashara wanakumbuka 1994, shilingi ilipotoka karibu 68 kwa dola mwanzo wa mwaka hadi chini ya 45 mwisho wake; wauza nje wakalia, na mwaka uliofuata ikateremka tena. Wanakumbuka 2011, ilipofika 107 mwezi wa Oktoba na kurudi karibu 84 miezi michache baadaye. Mara zote aliyeumia zaidi ni aliyekuwa na bidhaa mkononi siku ya mgeuko.

Tofauti ya safari hii ni kule kuganda. Benki Kuu chini ya gavana Kamau Thugge imekuwa ikinunua dola na kujaza akiba, hata zikapita dola bilioni 10 mwaka 2025. Akiba ni jambo jema. Lakini bei isiyotikisika mwaka mzima, huku birr ikianguka na dola yenyewe ikiyumba duniani, ni bei ambayo mtu ameamua iwe hapo, au angalau ameridhika nayo. Na kama imeamuliwa, basi waliobeba gharama ya uamuzi huo wana haki ya kuulizia sehemu yao. Machinjio ya kisasa ya Isiolo yamesemwa kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wasomaji wetu, na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Isiolo ulifunguliwa 2017 kwa ahadi kwamba nyama ingeruka kutoka pale. Mbuzi akichinjiwa karibu na kurushwa kutoka karibu, zile shilingi 1,500 za katikati zinapungua, na mfugaji anaweza kuistahimili dola ya 129. Serikali iliyookoa mabilioni kwenye daftari la madeni haiwezi kusema haina pesa ya kumalizia machinjio. Inaweza kusema haijataka.

Idd ya kuchinja hurudi kila mwaka, na miezi miwili kabla yake wanunuzi wa Ghuba huanza kupiga simu Nairobi, Addis Ababa na Berbera kuuliza bei. Watauliza kwa dola. Mwenye kujibu kutoka Nairobi atapiga hesabu yake, kisha atampigia dalali wa Isiolo, na dalali atamwambia mfugaji wa Kulamawe kwamba mwaka huu soko ni gumu. Hatamwambia kwa nini.